Taya la Mwanambuzi

Jumatatu, 5 Juni 1995

Taya lingine limetoka. Mzee wa Migato alipiga miayo kwenye foleni ya pamba, mdomo ukagoma kufunga. Wenzake wamemleta hapa hospitali ya Bariadi na lori la mnunuzi, amekalishwa juu ya magunia, mate yanamchuruzika kifuani, wao wanacheka. Nimewafukuza wote nje.

Nikafunga shashi kwenye vidole gumba, nikaviweka juu ya magego ya chini, nikakandamiza chini kisha nyuma. Limerudi. Misuli ya kutafunia ikipata nafasi hujikunja ghafla, na anayechelewa kutoa vidole ataumwa. Leo nimechelewa. Gumba la kulia limevimba, hata kalamu naishika kwa taabu. Mzee alifumba mdomo, akafumbua, akafumba tena. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani amechukua nafasi yake kwenye foleni.

Baada yake magego mabovu mpaka saa nane. Watu hawa hawaji mpaka shavu liwe kama kibuyu. Nimewaambia hivyo. Wameitikia kwa adabu na watafanya vilevile mwakani.

Dereva wa lori ameniletea salamu kutoka Zagayu. Masanja, mtoto wa mdogo wangu Kabula, ana homa na anaharisha. Ana miezi sita. Nitakwenda Jumamosi.

Alhamisi, 8 Juni

Mama kutoka Mwamanyili, na mtoto wa miezi minane. Nilipomfunua mdomo nikajua kabla sijaambiwa. Matundu mawili juu, mawili chini, pale pale panapokaa chonge. Usaha.

Meno ya plastiki. Naandika jina hili na mkono unakataa. Mtoto akiharisha, akipata homa, wanasema ameota meno ya plastiki ndani ya ufizi na yasipotolewa yatamuua. Kuna mtu anayachokoa kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Mama wa leo alikuwa na meno yenyewe, ameyafunga kwenye pindo la khanga, manne, meupe, laini, madogo kama punje za mtama. Alinionyesha ili nami nisadiki.

Ni meno ya kweli. Jino halianzi siku linapotoboa ufizi. Linaanza mtoto akiwa tumboni, linalala ndani ya mfupa wa taya, kwenye kifuko chake, laini, linangoja. Chonge huvimbisha ufizi mapema kisha hukawia kutoka. Huyo mtoto hatakuwa na chonge. Ataishi, nadhani. Nimemsafisha, nimempa penisilini, nimemfokea mama yake. Hakuniangalia usoni.

Utotoni kwetu ugonjwa huu haukuwepo. Umekuja na ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mnadani kila kitu sasa ni cha plastiki, ndoo, sandali, vikombe, hata kamba ya kufungia ng'ombe, na kila kitu kinakatika baada ya wiki. Watu wameona, wakafikiri, wakahesabu na watoto humo humo.

Jumamosi, 10 Juni

Zagayu. Nimepanda lori la pamba kwenda na kurudi, mifupa yote inauma.

Mama mkwe wa Kabula, Mayu Nyanzobe, alinipokea vizuri. Salamu za mwadila na mhola, kigoda, maziwa ya mgando. Ni mtu mwema. Ndiyo maana ni mgumu kumpinga.

Masanja anachemka. Hata hivyo alinicheka, akaning'ata kidole kwa vijino vyake viwili vya chini. Ni malaria, na kuhara kunatokana na maji ya lambo. Nimempa klorokwini, nimewaonyesha namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Mayu Nyanzobe akaniomba nipapase ufizi. Nikapapasa. Chonge zimevimba, kama inavyotakiwa. Nikasema ni meno. Akasema binamu yake kule Mwamanyili ameyaona kwa macho, si meno, yanabonyea. Hapa Zagayu yupo Bibi Holo, mfumu, mtu wa dawa za watoto, anajua kuyatoa. Hakulazimisha. Alisema tu, akatazama pembeni.

Niliangalia kadi ya mtoto. Chanjo ni ile ya kwanza tu, ya bega. Nikamwakia Kabula. Akasema alikwenda, kila akifika anaambiwa jokofu halina mafuta ya taa, chanjo zimeharibika, arudi mwezi ujao. Nimefoka bure. Nimeona haya, sikuomba radhi.

Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani, mtoto mgongoni. Hataki mtoto achokolewe, wala Luhende mumewe hataki. Lakini nyumba nzima inasema, na yeye ni mgeni pale, ameolewa. Akasema, "Dada, wao wanaonyesha. Wewe unasema tu."

Jumanne, 13 Juni

Maneno yake hayanitoki.

Basi nitaonyesha. Ndani ya kabati la chumba cha meno kuna fuvu la plasta, nilitoka nalo chuoni. Taya lake linafunguka kwa bawaba, misuli imechorwa rangi nyekundu, ule wa shavuni na ule mpana wa panjani. Ni zuri. Siwezi kwenda nalo Zagayu. Mwaka jana tu bikizee mmoja alikatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. Nikishuka kwenye lori na fuvu mkobani, sitarudi. Au nitarudi mimi na watakwenda kumtafuta bibi mwingine wa kumbambikia uchawi.

Wanyama, hata hivyo, hakuna Msukuma asiyewajua. Anajua utumbo wa ng'ombe kuliko mimi. Nitapasua taya la mnyama mchanga mbele yao. Waone meno yamelala humo, kwa mnyama ambaye hakuna mganga amemgusa. Mganga mkuu wa hospitali amefurahi, amesema niende, nikirudi niandike ripoti. Kila kitu kwake kinaishia kwenye ripoti.

Ijumaa, 16 Juni

Nimepata mwanambuzi. Mchungaji mmoja nyuma ya mnada alikuwa anataka kumtupa, amekufa asubuhi hiyo kwa kuhara. Bure kabisa. Bahati.

Nimekata kichwa, nimekifunga kwenye majani ya mgomba. Mama Salma, jirani yangu, mke wa mwenye duka, alichungulia juu ya ukuta akauliza kama leo nakula supu ya kichwa. Nikamwambia ni kazi ya serikali. Akasema serikali imekwisha kabisa.

Jumamosi, 17 Juni

Imekwenda vizuri. Vizuri kuliko nilivyotegemea.

Tulikutana Zagayu, uwanjani penye ghala la pamba. Ghala lenyewe nusu tupu, maana wanunuzi binafsi wanapima barabarani, lakini watu walikuwapo wengi, wanasubiri malori. Mwenyekiti wa kijiji alinikaribisha. Mayu Nyanzobe mbele kabisa. Kabula na mtoto. Bibi Holo naye alikuja, mwembamba, msafi, mikono mizuri sana. Alinisalimia kwa heshima.

Nikaweka kichwa juu ya ubao. Nikachuna ngozi ya shavu, nikawaonyesha msuli wa kutafunia. Wanaume wakaanza kutaniana nani apewe nyama ya shavu. Nikawaonyesha mahali taya la chini linaposhikana na fuvu, likacheza mkononi, huku na huku, kama mbuzi anavyocheua. Walipenda. Kisha nikachukua msumeno wa chuma, nikakata taya kwa urefu, nikalipasua kwa kisu.

Yalikuwamo. Magego ambayo hayajatoka, kila moja kwenye kifuko chake, meupe, laini, yanateleza. Watu wakasogea mpaka nikakosa hewa. Nikayatoa, nikayapitisha mikononi mwao. Nilisema kwa Kisukuma, taratibu, kwamba haya ni meno, hata mbuzi anazaliwa nayo ndani ya taya, yangekuja kutoka yatafune majani. Mwenyekiti akauliza huyu mbuzi alikufa na nini. Nikamjibu: kuhara.

Kimya. Kimya kizuri. Bibi Holo alishika jino moja kiganjani, akalibonyeza kwa ukucha, likabonyea, akampa mwenzake. Kabula ndiye aliyekaa nalo muda mrefu zaidi. Hakuna aliyebisha. Hakuna aliyeuliza swali lingine hata moja.

Jumapili, 18 Juni

Nimelala kama mtoto. Asubuhi kanisani, mchana nimeandika ripoti kurasa mbili. Nimeandika kwamba wananchi wameelewa. Nina furaha, kwa nini nisiseme. Miaka yote hii naziba na kung'oa, leo nimezuia.

Jumatano, 21 Juni

Mwanamume wa Zagayu amekuja na gego bovu. Nikiwa nangoja ganzi imshike, akaniuliza: wana wa mbuzi watolewe meno wakiwa na umri gani?

Nilicheka. Nikamuuliza meno gani. Akanishangaa. Ya plastiki, tabibu, yale uliyotuonyesha. Tena akanishukuru. Alisema zamani yeye na wengi pale hawakusadiki, waliona ni maneno ya watu wa ziwani. Sasa tabibu wa serikali amepasua taya mbele ya kijiji kizima, yakaonekana, na amesema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mnyama alikufa kwa kuhara. Tangu Jumapili kwa Bibi Holo watu wanapanga foleni na watoto. Wengine wameanza na mbuzi.

Nilimng'oa jino lake vibaya, nikavunja mzizi, nikahangaika nao. Nilimuuliza habari za Kabula. Hajui.

Nimempa dereva wa kwanza niliyemkuta barua ampelekee Luhende. Msimguse mtoto. Maneno mawili tu, nimeyapigia mistari.

Alhamisi, 22 Juni

Gari la hospitali halina matairi. Malori yote leo yameelekea upande mwingine. Nimegombana na kila mtu mpaka mwenye duka. Mimi ndiye niliyewaonyesha. Mimi.

Jumamosi, 24 Juni

Nimechelewa. Walimpeleka Jumapili asubuhi, nikiwa kanisani.

Nilipofika Masanja alikuwa amekaa kwenye mkeka anachezea kizibo. Hana homa. Haharishi. Ananyonya. Klorokwini imefanya kazi yake, na sifa zote amepata Bibi Holo. Mayu Nyanzobe alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Kama si wewe, tusingethubutu, alisema.

Nikamfunua mdomo. Matundu manne. Wameyajaza unga wa majivu na majani. Nimeosha, nimechokonoa uchafu wote, amelia mpaka akakosa sauti. Nimewaambia nataka kumpeleka Bariadi leo hii apate sindano ya pepopunda. Nilisema pepopunda, nikaeleza pepopunda ni nini. Wakatazamana. Mtoto mzima, anacheka, tabibu anataka kumchukua. Pamba iko shambani inaanguka, Luhende yuko peke yake. Mara ya kwanza walinipinga nilikuwa sahihi. Mara hii niko sahihi na naonekana mwendawazimu.

Kabula hakusema chochote mbele ya mama mkwe. Barabarani aliahidi atamleta Jumatatu, kwa vyovyote. Kwa nini sikumchukua mtoto kwa nguvu? Kwa sababu mila. Kwa sababu ni wa ukoo wa baba yake. Kwa sababu nilikuwa na aibu.

Jumatatu, 26 Juni

Hawakuja.

Jumanne, 27 Juni

Hawakuja. Nimeweka sindano kwenye jokofu la wodini, nimeandikia jina lake.

Alhamisi, 29 Juni

Salamu kutoka kwa Luhende. Mtoto ni mzima kabisa, nisihangaike. Wamalize kuchuma, watakuja keshokutwa. Dereva alitoa salamu hizo huku anatafuna muwa. Nimemchukia bila sababu.

Jumamosi, 1 Julai

Wamekuja.

Niliwaona wakiteremka nikiwa mlangoni, na nikaona Kabula amembeba mtoto mbele badala ya mgongoni. Nikajua. Masanja hanyonyi tangu jana asubuhi. Akiwekewa ziwa anataka, analia, mdomo haufunguki. Mayu Nyanzobe naye amekuja. Alisema si mgonjwa sana, mbona anatabasamu.

Hatabasamu. Misuli ya uso imevutwa, pembe za mdomo zimekwenda nyuma, nyusi zimepanda juu. Niligusa shavu. Msuli wa kutafunia umekakamaa kama ubao. Ule wa panjani vilevile. Nimepenyeza kijiti cha ulimi pembeni, nikagusa koo. Mtoto mwingine yeyote angetapika. Yeye alikiuma kijiti, hakukiachia.

Taya lililotoka ninalijua. Nalikandamiza, linarudi. Hili halikutoka. Liko mahali pake sawasawa, bawaba zake nzima, limefungwa kwa ndani na misuli yake yenyewe. Mikono yangu haina la kufanya.

Daktari wa wodi amethibitisha. Pepopunda. Mayu Nyanzobe anasema ni degedege, kuna dawa ya kufukiza. Nimemwambia anyamaze. Sijawahi kumwambia mtu mzima anyamaze.

Sindano niliyoiweka jokofuni ni ya kinga tu, haitibu, na serumu ya kuzuia sumu hakuna Bariadi. Luhende amepanda basi la Mwanza kwenda kuitafuta kwenye maduka ya dawa.

Jumapili, 2 Julai

Chumba cha mwisho, peke yake. Tumeziba dirisha kwa blanketi. Mwanga unamshtua, sauti inamshtua, mkono unamshtua. Kila akishtuka mgongo unapinda, ngumi zinakaza, uso unakuwa wa bluu, kisha pole pole unarudi. Dawa ya usingizi inapunguza, haiondoi.

Kanisani walianza ngoma za kwaya saa tatu, tukasikia mpaka wodini. Alishtuka kwa kila pigo. Nilikimbia na gauni la kazi, nikaingia katikati ya ibada, nikamwambia mwalimu wa kwaya. Hakuuliza mara mbili. Wameimba bila ngoma, kwa sauti ya chini, mpaka mwisho. Mume wa Mama Salma amezima redio ya dukani, ingawa duka liko mbali na haisikiki kabisa hapa. Nilishindwa kumwambia.

Jumatatu, 3 Julai

Mpira wa puani umepita. Kabula anakamua maziwa kwenye kikombe, muuguzi anayapitisha taratibu kwa bomba. Anakaa sakafuni, mgongo ukutani. Hataki kula. Nimemletea ugali na nsansa, mboga kavu ya kwetu, umekauka kwenye sahani.

Nimefanya kazi asubuhi. Watu wanafungua midomo mbele yangu, wanaifungua tu, pana, bila kufikiri. Nimewaonea wivu wote.

Jumanne, 4 Julai

Luhende amerudi na serumu. Ameibeba kifuani, ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Hajalala wala hajala. Imechomwa. Daktari anasema sumu iliyokwisha kushika mishipa haitaachia, hii inazuia iliyobaki. Luhende alisikia neno moja tu, inazuia. Nimemwacha nalo.

Jumatano, 5 Julai

Ameshtuka mara chache. Alipolia asubuhi niliona taya limeachia kidogo, nafasi ya kupitisha ukucha. Nimemwita Kabula aone. Ameona. Amekula nusu ya uji.

Sisemi kitu. Naogopa kuandika.

Alhamisi, 6 Julai

Mchana. Jua kali. Muuguzi aliangusha bakuli la chuma kwenye ushoroba, hakukusudia, msichana wa watu analia mpaka sasa. Masanja alikakamaa, na mara hii kifua hakikurudi. Daktari alijaribu. Mimi nilijaribu. Mdomo umefungwa, hewa ipitie wapi, nikampulizia puani, hakukuwa na njia.

Alipokufa misuli yote iliachia. Taya likafunguka lenyewe.

Kabula alikuwa ametolewa nje. Aliingia, akaona mdomo umefunguka. Uso wake ukawa mwepesi. Akamnyanyua haraka, akakaa, akamwekea ziwa.

Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia. Nilikuwa nimesimama pale pale. Ni Luhende aliyekwenda kumshika bega.

Ijumaa, 7 Julai

Tumemzika Zagayu, nyuma ya nyumba ya babu yake. Kaburi fupi, wamemaliza kuchimba upesi.

Bibi Holo alikuja. Aliingia kwa magoti, kama desturi, akalia kilio cha kweli. Alileta unga na kuku. Nilitaka kumpiga. Niliangalia mikono yake, nikawaza mambo mabaya sana, nikabaki nimekaa. Watoto wangapi wamepita pale tangu Jumamosi ile, naye kila mmoja alimfanyia kwa moyo mweupe. Mimi pia nilikuwa na moyo mweupe.

Wanawake walinipa mkono mmoja mmoja. Pole tabibu. Walikuwa na watoto mgongoni. Niliwatazama watoto midomoni, sikuweza kujizuia. Wawili wana matundu.

Jumapili, 16 Julai

Kabula amekuja kwangu. Amekuja na mfuko mmoja. Luhende amemruhusu, amesema akae mpaka apate nguvu. Ni mume mzuri.

Mchana tulikuwa tunakoka jiko, nikafikiri nimuombe msamaha. Yeye ndiye aliyeanza kusema. Hakunitazama, alikuwa anapanga mkaa. "Nilikuwa nimekataa, dada. Mama mkwe alinisema wiki nzima, nikakataa. Halafu ukapasua lile taya, nikayaona."

Akawasha kiberiti. Hakuwa na hasira. Ningependa awe na hasira.

Jumatano, 9 Agosti

Barua kutoka mkoani. Ripoti yangu imesomwa, imependwa. Njia ya kufundisha kwa vitendo. Wanataka nirudie Mwamanyili na kata nyingine, gari litatolewa, matairi yamepatikana.

Nimemwambia mganga mkuu siendi. Akauliza sababu. Nimemweleza yote, kuanzia mbuzi na kuhara mpaka mwisho. Akauliza kama hayo niliyaandika kwenye ripoti. Nikasema ripoti ilikwenda kabla. Akasema basi niandike nyingine. Safari hii, kuhusu ripoti, amesema sawa. Nitaiandika, na sidhani kama hiyo itapendwa.

Alhamisi, 17 Agosti

Nimekwenda Zagayu na muuguzi wa chanjo na kasha la barafu. Mwenyekiti ametusaidia. Watoto wote tuliowapata wamechomwa. Nilisema maneno machache: ukichokoa ufizi, pepopunda inaingia, Masanja amekufa nayo. Nilisema mikono mitupu, bila kupasua kitu. Bibi Holo hakuja. Wanasema ameacha. Wengine wanasema amehamia upande wa pili wa Mto Simiyu na kazi inaendelea. Mayu Nyanzobe alikaa nyuma, amekonda. Aliuliza habari za Kabula. Nikasema anakula.

Ni kweli, anakula. Kidogo.

Jumapili, 27 Agosti

Kumepoa. Upepo wa asubuhi, vumbi kidogo.

Nilikuwa chumbani napiga pasi. Kabula alikuwa uani, anachambua mchele. Mama Salma aliingia na kitindamimba wake, ana miezi saba, ana homa tangu juzi. Hakuniita mimi. Tumekaa ukuta mmoja miaka minne, anajua kazi yangu, hakuniita. Alimfuata Kabula, akasimama mbele yake, akasema mtoto anasumbuliwa na fizi, na kwamba kuna mtu amemwelekeza kwa mzee mmoja huko nyuma ya stendi.

Nikaweka pasi chini. Nikakaribia dirisha, nikaishia hapo, sikutoka.

Kabula aliweka ungo pembeni. Akaenda kunawa mikono kwa sabuni, akakaa, akampakata mtoto. Tangu Julai hajamshika mtoto wa mtu. Akaingiza kidole, akapapasa ufizi upande mmoja, akapapasa upande wa pili. Alipapasa muda mrefu, macho ameyafumba.

"Ni jino," akasema. "Liache litoke."

Mama Salma akaitikia kwa kichwa, akasema haya. Akamuuliza homa je. Kabula akamwambia ampeleke hospitali apimwe malaria, kesho asubuhi, atamsindikiza yeye mwenyewe. Akamrudishia mtoto. Mtoto alikuwa bado ameshika kidole chake, ikabidi aking'oe taratibu.

Kisha akavuta ungo, akaendelea na mchele.